Salamu za shukrani: mazishi ya baba yetu, mjenzi wa mabwawa ya mchanga

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa; jina la Bwana libarikiwe.

Familia ya marehemu baba yetu, mtumishi wa misaada wa Kimennonite aliyelala katika Bwana akiwa kazini Ukambani, Kenya, na kupumzishwa nyumbani Shirati, Mkoa wa Mara, inamshukuru Mungu na inawashukuru ninyi nyote mliotubeba.

Siku zilizotuelemea kuliko zote ni zile za kusubiri mwili uvuke mpaka. Taarifa ya kifo iliandikwa majina mawili ya marehemu, na pasi yake ya kusafiria ina matatu. Kwa jina moja lililokosekana, kibali cha kusafirisha mwili kilikwama Ijumaa mchana, na ofisi zikafungwa hadi Jumatatu. Tunaliandika hili kwa faida ya kila familia yenye ndugu nje ya nchi: kabla hamjatoka mochwari, linganisheni majina herufi kwa herufi kwenye taarifa ya kifo, kibali cha mazishi, hati ya kutiwa dawa mwili na pasi. Kosa likigundulika pale pale, hurekebishwa na aliyeandika. Likigundulika mbele ya safari, kila karatasi iliyofuata nayo hurudiwa.

Jumatatu ndugu zetu wa ubalozi wa Tanzania jijini Nairobi walitushika mkono, barua ikatoka, na jioni gari likashika njia ya Narok, Kisii na Migori. Alfajiri lilipovuka Isebania, upande wa Sirari walikuwapo wazee wa Kanisa la Mennonite na vijana wa kwaya, wamekesha kando ya barabara. Waliinua wimbo kabla gari halijasimama. Mungu awalipe, maana sisi hatuwezi.

Msibani wengi waliuliza mzee alikuwa akifanya nini huko miaka yote. Misaada wengi wetu tunaijua kwa magunia, na ni kweli MCC, shirika la misaada la Wamennonite wa Amerika Kaskazini, lilianzishwa mwaka 1920 kuwalisha wenye njaa kusini mwa Urusi na Ukraine. Kazi ya baba ilikuwa kuta. Mito ya Ukambani hujaa kwa saa chache mvua inyeshapo, kisha hukauka. Ukijenga ukuta wa zege kukatiza mto wa namna hiyo, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta kwa msimu mmoja hadi minne, na maji hukaa ndani yake yakiwa yamejikinga na jua. Punda hawayachafui, na mbu hawapati pa kuzalia.

Kabla ya kukubali mahali, baba alijaza debe la lita 20 mchanga mkavu wa mto ule, akamimina maji taratibu kwa kikombe huku akihesabu, mpaka yatokeze juu. Zikiingia lita 7, mchanga unabeba asilimia 35, mto unafaa. Zikiingia kidogo, mchanga una tope, na ukuta utakuwa umejengwa bure. Pili alitafuta mwamba. Msingi usiposimama juu ya mwamba, maji hupita chini yake, hula udongo, na siku moja ukuta hubaki ukining'inia. Tatu, mabawa ya ukuta yaingie mita kadhaa ndani ya kingo zote mbili, la sivyo mto huzunguka pembeni na kumwacha mjenzi na ukuta wake. Nondo na seng'enge ndani, mbao zimefungwa vizuri, na zege hunyweshwa maji siku 28. Hapo ndipo vikundi vingi vya wanakijiji wanaojenga huchoka, na hapo baba hakumwonea mtu haya.

Na kabla ya mfuko wa kwanza wa simenti kufunguliwa, wanakikundi walikuwa wamekwisha chimba fanya juu kwenye mashamba ya juu: mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukitupwa upande wa mlima. Bila matuta hayo, udongo wa shamba ndio unaokuja kujaza bwawa.

Shukrani za pekee tunazitoa kwa kina mama 12 wa kikundi cha mwethya, yaani kikundi cha Wakamba cha kusaidiana kazi, waliosafiri kutoka Ukambani hadi Shirati na dumu la lita 20 za maji ya bwawa la mwisho alilosimamia. Maji yale ndiyo yaliyochanganyia zege la kaburi lake. Fundi wetu alipotaka kuongeza maji mengine ya bomba ili zege litiririke, mama mmoja aliweka mkono juu ya koleo, akamwambia kwa upole kwamba zege si uji. Alifundishwa hivyo na baba. Mama, Mungu akutunze.

Muuguzi wa zamu aliyesoma naye Zaburi usiku wa mwisho, na dereva aliyekataa malipo ya kurudi: ninyi sasa ni watoto wa nyumba hii.

Tunawashukuru pia wachungaji na washirika wa KMT (Kanisa la Mennonite Tanzania), kwaya zote, kamati ya mazishi, wafanyakazi wenzake, madaktari na wauguzi, majirani waliotoa maturubai, viti na sufuria, waliochimba kaburi, waliopika, waliochota maji, waliotuma rambirambi kwa simu, na ndugu Waislamu waliokaa nasi usiku wote.

Hatukuweza kumtaja kila mmoja. Tunaomba radhi kwa moyo wote, hasa kwa waliotoka mbali wakakosa pa kulala, na kwa wale ambao simu zao hazikupokewa. Msituhesabie hilo. Aliyesahauliwa hapa Mungu hakumsahau, na salamu hizi ni zake pia.

Mpira wake wa kupimia usawa, futi na daftari la vipimo vitarudishwa kwa vikundi vya Ukambani baada ya ibada ya shukrani. Debe lake la kupimia mchanga halikuonekana kwenye mizigo. Aliye nalo asilirudishe, aendelee kulitumia.