Neno “hadi” kwenye bili ya intaneti ya nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie neno moja fupi ambalo mimi na majirani zangu wa Tabata tunalilipia kila mwezi, nalo ni neno “hadi”. Mkataba wangu wa intaneti ya nyumbani unasema kwamba nitapata kasi ya “hadi megabiti 20 kwa sekunde” kwa shilingi 55,000 kwa mwezi. Shilingi hizo 55,000 hazina “hadi”: ninazilipa zote, na nikipunguza hata mia tano huduma haifunguki.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na ninaifanyia nyumbani. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipokolea, taa ndogo kwenye kiboksi cha faiba kilichopo sebuleni iligeuka nyekundu ikaanza kupepesa. Nilipiga simu huduma kwa wateja siku hiyo hiyo, nikapewa namba ya malalamiko. Fundi alifika siku ya nne, akaegemeza ngazi kwenye nguzo, akapanda, akashuka, akaniambia, “Mama, hapa kwako hakuna shida. Shida iko kule barabarani, kijiko cha mkandarasi kimekata waya. Wewe subiri tu, leo leo wanamaliza.” Leo leo hiyo ilichukua siku saba. Huduma ilirejea siku ya 11, na wakati wote huo nilikuwa nikifanya kazi kwa bando la simu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kibaraza ambako mtandao hushika vizuri.

Kijiko kukata waya ni ajali, na sina ugomvi na ajali. Lililoniudhi lilikuja baadaye. Siku ya 30 tangu nilipolipa, saa sita kamili usiku, huduma ilikatika yenyewe kwa sababu kifurushi kilikuwa kimekwisha. Nilipopiga simu kuulizia zile siku 11, dada aliyepokea alinijibu kwa adabu kabisa, “Mama, kifurushi kikishaanza kinahesabika.” Mfumo huo huo unaojua kunikatia bila kuchelewa hata dakika moja, haujui kwamba kwa siku 11 kiboksi changu kilikuwa kimekufa. Siamini kwamba haujui. Naamini hakuna aliyeuagiza ujue.

Nililieleza jambo hili kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp, nikitarajia kupewa pole tu. Mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, akatuma picha ya bili yake ya mwaka jana. Laini yake iliharibika kwa zaidi ya wiki moja, na bili iliyofuata ilikuja imepungua hata akadhani wamekosea hesabu. Haikuwa kosa. Tangu Aprili 2019 upo utaratibu ulioratibiwa na Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini humo, ambao unaitaka kampuni imlipe mteja yenyewe, bila kudaiwa, iwapo laini haikutengenezwa baada ya siku mbili kamili za kazi. Malipo yalianza na pauni 8 kwa kila siku inayozidi hapo, na sasa yamepita pauni 9. Kampuni hazikulazimishwa kujiunga, lakini kubwa zake nyingi zilijiunga, kwa kuwa kutokuwamo kunamwambia mteja jambo fulani kuhusu kampuni yenyewe. Vilevile, mteja anapoingia mkataba na kampuni zilizokubali kanuni ya kasi, anaandikiwa kasi ya chini kabisa anayohakikishiwa. Ikishuka chini ya hapo, na kampuni ikashindwa kuirekebisha ndani ya siku 30, mteja anaruhusiwa kuvunja mkataba bila faini.

Sisemi kwamba Uingereza ni peponi. Mdogo wangu amefungwa na mkataba wa miezi 24, ilhali mimi nikikosa fedha mwezi huu naacha tu kulipia na hakuna anayenifuata. Huko, hadi juzijuzi, kampuni zilikuwa zikipandisha bei katikati ya mkataba kwa kufuata mfumuko wa bei, na ni Januari 2025 tu ndipo Ofcom ilipoagiza kwamba katika mikataba mipya ongezeko lolote litajwe mapema kwa pauni na peni. Hata hivyo, yeye analijua analolipia.

Tukiingia kwenye bei yenyewe, naomba wasomaji wasikubali kulinganishiwa bei kwa dola peke yake, maana dola huficha mengi. Mdogo wangu analipa kama pauni 30 kwa mwezi. Kwa kima cha chini cha mshahara cha Uingereza kilichoanza Aprili 2025, ambacho kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, fedha hiyo ni kazi ya takriban saa mbili na nusu. Hapa kwetu, kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Ukigawanya kwa siku 22 za kazi, shilingi zangu 55,000 ni kazi ya takriban siku mbili na nusu. Yeye saa mbili na nusu, sisi siku mbili na nusu, na bado neno “hadi” limeangukia upande wetu. Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba ifikapo 2025 huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Pato hilo kwa Tanzania ni kama dola 100 kwa mwezi, kwa hiyo lengo lingekuwa dola 2 hivi, na laini yangu ni mara kumi ya hapo. Ni kweli kwamba laini moja hutumiwa na nyumba nzima, pamoja na wapangaji wangu wawili na mtoto wa jirani aliyelipata neno la siri sijui wapi, lakini hata ukiigawa hivyo bado ni ghali.

Kwa nini kwingine ni rahisi? Mfano ninaoupenda ni Romania, nchi ambayo si tajiri kwa viwango vya Ulaya. Huko laini ya faiba ya gigabiti moja, yaani mara 50 ya kasi niliyoandikiwa mimi, imekuwa ikiuzwa kwa takriban lei 40 kwa mwezi, ambazo ni kama Euro 8. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wa maghorofa ya huko walijivutia nyaya wenyewe kutoka jengo moja hadi jengine, wakachangia laini moja, na vikazaliwa vimtandao vingi vya mitaani. Kampuni kubwa ziliponunua vimtandao hivyo na kuweka faiba, zilikuta wateja waliokwisha kuzoea kasi kubwa kwa bei ndogo, na mshindani yuko ghorofa ya pili. Ninapomwona mtoto wa jirani amekaa chini ya ukuta wangu na simu yake, huwa nawakumbuka watu hao.

Ushindani umeonekana pia kwa jirani zetu wa Kenya. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, iliingia huko Julai 2023. Mnamo Septemba 2024, Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba vya nyumbani bila kugusa bei: kifurushi cha shilingi 2,999 za Kenya kilipanda kutoka megabiti 10 hadi 15, na kile cha shilingi 12,499 kikaruka kutoka 100 hadi 500. Sidhani kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Lakini wanaodhani dishi la setilaiti litatumalizia shida mijini wakumbuke kwamba mwishoni mwa mwaka huo huo Starlink ilisitisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na viunga vyake kwa kuwa uwezo wake ulikuwa umejaa. Setilaiti inamfaa aliye Sikonge au Lodwar. Sisi wa mjini, tuliobanana, tunahitaji waya.

Na kasi peke yake si kila kitu. Mpwa wangu anafanya kazi Dubai, ambako faiba imefika karibu kila nyumba na picha hazigandi hata kidogo, lakini kumpigia kwa WhatsApp haiwezekani kwa kuwa simu za namna hiyo zimezuiwa huko. Ananiandikia tu ujumbe, au anasubiri akipata likizo.

Najua majibu ambayo kampuni zetu hutoa, na baadhi yake ni ya kweli. Kabla ya 2009 ukanda huu ulitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake na dunia. Mkongo wa SEACOM, yaani waya wa faiba unaopita chini ya bahari, ulipowashwa mwaka huo na EASSy mwaka uliofuata, gharama zilishuka, lakini tulibaki tukining’inia kwenye nyuzi chache. Wasomaji hawajaisahau Mei 12, 2024, mikongo hiyo miwili ilipokatika baharini kwa wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, nasi tukashinda siku kadhaa tukitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Kodi nazo zipo: huduma za mawasiliano hapa zinatozwa VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa takriban asilimia 17, na wenzetu wa Uganda wanatozwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data tangu Julai 2021, juu ya VAT yao. Serikali inayotaka wananchi wapate huduma mtandaoni haina budi kulitazama hilo.

Lakini jibu moja silikubali, nalo ni kwamba kasi hushuka usiku kwa sababu “watu wengi wako mtandaoni”. Kwa wiki mbili nilipima kasi ya laini yangu na kuandika kwenye daftari. Saa kumi alfajiri nilikuwa napata megabiti 19. Saa tatu usiku nilikuwa napata nne, siku nyingine tatu. Kijana wa mtaani kwetu ambaye ni fundi wa mitandao alinifafanulia kwamba, kwa teknolojia inayotumika sana majumbani, uzi mmoja wa faiba wenye uwezo wa gigabiti 2.5 hugawanywa kwa nyumba 32 au, zikizidi sana, 64. Nikafanya hesabu: nyumba 64, kila moja ikivuta megabiti 20 kwa pamoja, zitakuwa zimetumia gigabiti 1.28, ambayo ni kama nusu tu ya uwezo wa uzi huo. Uzi unaoingia mtaani kwetu kwa hiyo haujaelemewa. Kinachoelemewa ni njia ya mbele zaidi, ambayo kampuni huinunua kwa jumla na kuamua yenyewe inunue kiasi gani na iwauzie watu wangapi. Huo ni uamuzi wa biashara, na mteja ana haki ya kuujua kabla hajatoa fedha yake.

Hapo Marekani wamefanya jambo jepesi ambalo tunaweza kuliiga bila gharama. Nchi hiyo si mfano wa bei nzuri, maana familia nyingi huko zina kampuni moja au mbili tu za kuchagua, na msaada wa dola 30 kwa mwezi uliokuwa ukizifikia kaya zipatazo milioni 23 ulikoma katikati ya 2024 fedha zilipokwisha. Lakini tangu Aprili 2024 kampuni kubwa zinalazimika kuonyesha jedwali dogo kabla mteja hajanunua, mfano wa lile lililo mgongoni mwa kopo la maziwa ya unga: bei kamili, tozo zote, kasi ya kawaida ya kushusha na ya kupandisha. Mtu analisoma akiwa amesimama.

Kwa hiyo ombi langu kwa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano hapa nchini, na kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano ni kwamba kila mkataba wa intaneti ya nyumbani uandikwe, pembeni ya hilo “hadi”, neno “isiyopungua”, pamoja na tarakimu inayopimwa kati ya saa mbili na saa tano usiku, wakati nyumba ziko macho. Wakati huohuo iandikwe pia kwamba megabiti si megabaiti, kwa sababu mawakala wetu wanazichanganya kila siku: megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5, na faili la megabaiti 500 litachukua zaidi ya dakika tatu hata laini ikiwa katika siku yake nzuri kabisa.

La pili ni zile siku zinazopotea. Sidai pauni 9 kwa siku, wala sidai fidia ya kazi niliyochelewesha. Nadai kwamba laini ikifa, kifurushi kisimame, na ikifufuka kiendelee pale kilipoishia, bila mimi kupiga simu na kuomba. Kampuni huona kwenye kompyuta zake ni kiboksi kipi kimezimika na tangu saa ngapi. Yule fundi alinionyesha kwenye simu yake, akiwa bado na glavu mkono mmoja, saa na dakika ambayo laini yangu ilikatika.

Siku 11 kati ya 30, kwa shilingi 55,000, ni shilingi 20,166 na senti kadhaa. Nimeipelekea kampuni hesabu hiyo kwa barua, nikaambatisha namba ya malalamiko na nakala ya kurasa za daftari langu. Senti nimewasamehe.

Wako msomaji,
Mfasiri wa Tabata,
Dar es Salaam