Usilipe kwanza, tuongee habari ya lenzi

Kaka,

Salamu nyingi, natumai mko wazima huko, sisi huku wazima, mama mguu umepona anatembea mwenyewe, Mwalimu ni yule yule, ukimpigia lazima aanze na mpira kabla hajakuuliza hali. Najua tumekaa kimya muda mrefu mno, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, basi tuyaache hayo. Kilichoniamsha ni zile picha zako za deki ya CD na ile DAC (kisanduku kinachogeuza namba za dijitali kuwa sauti) unazotaka kununua, na ile meseji ya chini, eti kesho unalipa. Usilipe kesho bwana. Soma kwanza hii, imekuwa ndefu, nivumilie.

Nianze na hiyo deki kubwa nyeusi. Naona muuzaji kafungua mfuniko akapiga picha kwa karibu chipu inayogeuza namba za CD kuwa sauti, TDA1541A yenye alama ya taji, na we ndo umeshachanganyikiwa hapo hapo. Si ajabu. Hiyo chipu ina heshima yake. Philips walianza na TDA1540 ya biti 14 kwenye deki zao za mwanzo wakati CD yenyewe ni biti 16, wakawa wanazidisha sampuli, yaani vipimo vya sauti kwa sekunde, mara 4 ili kufidia, na sauti iliyotoka humo kuna watu wanaisifia mpaka leo. Halafu 1985 ikaja TDA1541 ya biti 16 kamili, baadaye 1541A, na zile zilizopimwa zikaonekana bora zaidi ndo zikapigwa taji. Sasa kitu kikishakuwa na taji na watu wanakigombania unajua kinachofuata, wapo wanaofuta maandishi ya chipu ya kawaida wanachapa taji juu yake, na kwenye picha ya simu huwezi kuona tofauti. Lakini hata tuseme ni ya kweli kabisa, mi swali langu ni jingine: lenzi yake ikoje?

Maana chipu haifi ovyo. Kinachokufa kwenye deki ya CD ni lenzi, kile kijicho chenye leza kinachosoma CD. Leza inachoka taratibu, mwanga unapungua, unaanza kusikia wimbo wa mwisho unaruka wakati CD ni safi, baadaye inazunguka tu haisomi chochote, na lenzi nyingine za deki za zamani hazitengenezwi tena. Deki yenye taji isiyosoma CD ni stuli ya kuwekea maua.

Kwa hiyo kabla ya chipu, kabla ya uzito, kabla ya jina lililoandikwa mbele, muulize imefungwa mekanizimu gani, yaani ile sehemu inayobeba lenzi na kuzungusha CD. Zile za mwanzo za Philips, CDM-0 na CDM-1, zina mkono unaozunguka badala ya lenzi kuteleza kwenye reli, mwili wa chuma, lenzi ya kioo, zinavumilia mno, ila siku zikifa ujue unatafuta deki nyingine ya kuchinja. Za Sony kama KSS-240A na KSS-213 zilifungwa mpaka kwenye deki za makampuni mengine, spea zipo, japo nyingi zinazouzwa sasa kama mpya ni za kuiga na ubora wake ni bahati nasibu. Kati ya deki yenye taji ambayo lenzi yake haipatikani na deki ya kawaida ya miaka ya 90 ambayo lenzi ziko kibao, mi nachukua ya kawaida wala sifikirii mara mbili. Nicheke tu.

Halafu kuna ujanja mmoja wa mafundi lazima uujue. Kwenye lenzi nyingi au kwenye bodi yake kuna kiskrubu kidogo sana cha kurekebisha nguvu ya leza. Lenzi ikichoka, fundi anakipandisha kidogo, deki inasoma kama mpya, inauzwa, na wewe unaipeleka nyumbani ikamalizie siku zake kwako. Ndo maana muuzaji akikwambia "imefanyiwa sevisi" muulize imefanyiwa nini hasa. Akisema wamesafisha lenzi kwa spiriti, wamebadilisha belti ya trei, wameweka grisi mpya kwenye reli, hapo sawa, hizo kazi ni za kawaida kabisa kwa mashine ya umri huo. Akisema tu "fundi aliigusa kidogo" kimbia.

Kuipima yenyewe si kazi. Nenda na CD ndefu, ile inayokaribia dakika 74, maana CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo nyimbo za mwisho ndo ziko pembeni kabisa ambako lenzi dhaifu au CD iliyopinda inaumbuka. Sikiliza inachukua muda gani kuonyesha idadi ya nyimbo, ruka kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho halafu urudi, na uiache icheze ipate moto, usikubali kuondoka baada ya wimbo mmoja eti umeridhika. Beba na CD uliyochoma mwenyewe kwenye kompyuta, ila ikikataa CD-RW, zile za kufuta na kuandika upya, usiilaumu, zile zinarudisha mwanga kidogo sana na deki za miaka ya 80 zilitengenezwa kabla hazijawepo.

Na kama atakwambia haisomi, anauza bei ya kutupa, usikatae haraka! Pindua uangalie chini. Deki nyingi za zamani zina skrubu ya kufungia mekanizimu wakati wa kusafirisha, mtu anasahau kuilegeza anadhani imekufa. Yule shemeji yetu unayemjua alipata yake hivyo hivyo, na mpaka leo anavyotusimulia utadhani kagundua dawa.

Haya, ile picha ya pili, ile DAC. Hapo nimetulia kidogo kwa sababu DAC haina mota, haina lenzi, haina belti, kinachozeeka humo zaidi ni kapasita. Ila nayo ina mambo yake. DAC nyingi za enzi hizo zinapokea sampuli za kilohezi 32, 44.1 na 48 basi, kwa CD inatosha kabisa maana CD ni 44.1, lakini kama unataka kuchezea faili kubwa kutoka kwenye kompyuta utakwama. USB hazina, au kama ipo ni ile ya mwanzo mwanzo. Na adapta yake ya umeme naona haimo kwenye picha, kuna DAC zinataka adapta inayotoa AC, si DC, usije ukachomeka ya redio.

Kitu kingine kuhusu kuhamishia CD kwenye kompyuta: baadhi ya CD za mwanzoni mwa miaka ya 80 zilirekodiwa treble, ile sauti nyembamba ya juu, ikiwa imepandishwa makusudi, na ndani yake kuna alama inayoiambia deki iishushe. Deki inafanya yenyewe hata hujui. Ukizihamishia kwenye kompyuta ile alama mara nyingi inapotea, unabaki na sauti kali inayokata masikio, halafu unailaumu DAC ya watu.

Nikwambie ukweli wangu kama unaniuliza, na najua hujaniuliza. Kwa vipimo, DAC ndogo mpya ya kawaida inaipita hiyo ya zamani, hilo halina ubishi. Ukinunua ya zamani nunua kwa sababu unaipenda, vile vitufe, ule uzito, ile taa, hiyo ni sababu nzuri tu. Ila usiniambie sauti itabadilika kama mbingu na ardhi wakati spika zako ni zile zile unazojua wewe na mimi. Ningekuwa wewe ningetafuta deki yenye lenzi ya kupatikana na yenye sehemu ya kutoa dijitali nyuma, maana deki nyingi za mwanzo hazina hiyo kitu. Ikiwa nayo, hata sauti yake ukiichoka unaongeza DAC yoyote baadaye. Hiyo nyeusi yako ikipita mtihani wa lenzi, sina neno, ichukue na taji lake.

Sasa nijibu haya kabla hujatoa hata senti. Amekupa picha ya nyuma? Imeandikwa volti ngapi, maana za soko la Japani ni 100 na za Marekani ni 120, ukiichomeka kwenye 230 inalia mara moja tu. Rimoti ipo au ndo ile "ilipotea lakini si muhimu", na deki nyingine bila rimoti kuna vitu huvifikii? Trei inatoka yenyewe au anaisaidia kwa kidole? Atakubali ukae nayo saa nzima ikicheza, au ana haraka? Kwani wewe hasa unataka kusikiliza CD au unataka kuchezea nyimbo za kwenye kompyuta, mbona hujasema? Na zile CD za Mzee zipo bado au shemeji alishazigawa? Kama zipo nenda nazo hizo hizo kujaribia, hasa zile zenye mikwaruzo.

Ndugu yako