Asante, mama wa kofia nyekundu

Katikati ya Septemba nilipanda kilima cha Hawk Ridge, hapa Duluth, Minnesota, na darubini ya kuazima iliyogoma kuona sawasawa. Vipanga hawapendi kuvuka Ziwa Superior, basi hufuata ufuko na kupita juu ya kilima hicho kwa maelfu. Mimi niliona vumbi tu. Nilihesabu, nikapotea, nikaanza upya. Mara ya tatu nikakata tamaa.

Mama mmoja wa makamo, kofia nyekundu ya sufu, akasogea. Hakuuliza natoka wapi (jibu nilishaliandaa). Alivua darubini yake shingoni, akanivisha, akanionyesha pete ya kurekebishia jicho la kulia. Kisha akanielekeza: usiwahesabu wakizunguka kwenye hewa ya moto, subiri wafike juu, waanze kuteleza kwa mstari, hapo ndipo ubonyeze. Akanitia mkononi kidude chake cha kuhesabia. Saa nzima alikaa macho matupu, akininyooshea kidole: "Wingu lile, kushoto." Nilifikisha 212.

Jina sikuuliza, na Kiswahili hasomi. Ninyi muwe mashahidi. Na mwenye darubini mbili, siku akipanda kule, aibebe na ya pili.