Shukrani kwa mhudumu wa rola kosta
Napenda kumshukuru kwa dhati dada mmoja, ambaye jina lake sikulipata, aliyekuwa akifunga vizuizi vya mabega kwenye rola kosta (mabehewa ya burudani yanayokimbia kwa kasi kwenye reli) ya chuma yenye kitanzi, yaani sehemu ambapo reli inazunguka na kulipindua behewa, wakati binti yangu alipoingiwa na hofu akiwa ameshaketi. Hakumharakisha wala kumbeza. Alichuchumaa kando ya behewa, akakivuta kizuizi kwa mikono miwili ili mtoto ajionee kuwa hakiachii, kisha akamwonyesha magurudumu yanayoikamata reli kwa juu, ubavuni na chini, yakilizuia behewa lisichomoke hata linapokuwa limepinduka. Alimweleza pia kwamba ule mlio wa tak-tak behewa linapopanda mwinuko unatoka kwenye kifaa kinachozuia behewa kurudi nyuma iwapo mnyororo unaolivuta utakatika.

Lililonigusa zaidi ni jinsi alivyoeleza umbo la kitanzi, ambacho si duara kamili bali kimechongoka kama tone la maji, kwa kuwa duara kamili lingembana abiria kupita kiasi anapoingia kwa kasi sehemu ya chini. Umbo hilo ndilo ambalo mhandisi Werner Stengel alilitumia kwenye rola kosta iliyofunguliwa katika bustani ya burudani ya Magic Mountain, California, Marekani, mwaka 1976. Kwa maoni yangu, maelezo ya namna hiyo humtuliza mtoto kuliko kuambiwa tu asiogope.

Binti yangu alipanda kwa hiari yake. Dada, nakushukuru sana kwa subira yako na kwa kuipenda kazi yako.