Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ndege Wahamao Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Mwalimu Mkuu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya Klabu ya Mazingira ya shule yetu, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu hapa Same, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Tunaijua barabara yetu na tunayajua majukumu yako. Kufika kwako ni heshima kubwa.

Klabu ilianza na wanafunzi wachache chini ya mkwaju ule. Leo mafanikio yake ni makubwa mno: manati yametoweka mikononi mwa watoto, ukuta wa darasa la tano umepambwa kwa picha za ndege, na ngonjera yetu inajulikana kata nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kichaka kilicho nyuma ya shule, kando ya korongo, ni mahali pa kula pa wasafiri. Mvua za vuli zikishika, Novemba na Desemba, hushuka hapa ndege wadogo waliotoka Ulaya na Asia ya Magharibi, wakapumzika Sudan na Ethiopia, na wengine bado wana safari ya kwenda Zambia, Msumbiji hata Afrika Kusini. Jirani zetu wa Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, wamekuwa wakiwavisha pete miguuni tangu 1969. Yupo mmoja wa rangi ya udongo, kitaalamu Acrocephalus palustris, mwenye uzito wa gramu 12 hivi. Dume lake huiga sauti za ndege wa aina 70 na zaidi, na zaidi ya nusu yao ni wa Afrika. Kwa hiyo hata Ulaya ndege wetu wanasikika, kwa kinywa chake.

Hawa husafiri usiku, wakitumia mafuta waliyoyahifadhi mwilini. Wapo ambao uzito wao hukaribia kuwa maradufu kabla ya kuvuka jangwa. Safari ndefu husinyaza hata utumbo, hivyo ndege akitua hawezi kunenepa papo hapo. Siku za mwanzo huongezeka kidogo sana mpaka utumbo urudie hali yake. Akifukuzwa siku hizo, ameondoka na njaa yake. Anahitaji chakula cha karibu na kivuli cha kujificha: kumbikumbi baada ya mvua, viwavi, sisimizi, mbawakawa, buibui, na matunda ya mkole na mswaki. Kule Saheli, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, matunda ya mswaki ndiyo huwanenepesha baadhi yao kabla ya kuivuka Sahara wakirudi kaskazini. Mti huohuo sisi tunaukata kuni.

Ombi letu, Mheshimiwa, ni uzio. Mbuzi wanaingia kichakani kila kiangazi, na miche ya mikole tuliyoipanda wameitafuna hadi shina. Tulipanda minyaa kuzunguka, wamepenya. Nguzo za miti zililiwa na mchwa. Tunachohitaji ni seng'enge na nguzo za chuma. Kuchimba, kubeba na kufunga, wazazi wamekubali kufanya bila malipo.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakumbusha kwamba ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi seng'enge kabla ya vuli. Tulimpigia makofi, kesho yake tukachimba mashimo ya nguzo. Mashimo yapo, yamejaa mchanga. Aliyemtangulia yeye naye aliahidi hivyohivyo. Hatulaumu, maana viongozi wana mengi. Tunaomba tu kwamba ahadi ya leo, ikiwepo, iandikwe tarehe.

Mwaka 2024 siku hii iliadhimishwa duniani kwa kaulimbiu ya kulinda wadudu ili ndege walindwe. Wadudu tunao, Mheshimiwa. Uzio hatuna.

Yapo mahitaji mengine, darubini na vitabu, lakini hayo yatasubiri. Ndege hawatasubiri, mvua ya kwanza i karibu. Makadirio ya gharama yamo ndani ya bahasha iliyo mezani mbele yako, na mhasibu wetu ameketi safu ya kwanza kwa maswali yoyote. Baada ya chai tunakuomba, kwa heshima zote, utembee nasi hadi kwenye mashimo hayo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Mazingira