Waulize kabla hawajatoka

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, wazee nao wanaendelea vizuri.

Barua yako imenifikia. Unasema vijana wanaokuja kwako kituoni kupata unasihi wanakuja mara mbili tatu kisha wanapotea, na kila mmoja akiondoka anakwambia, "Asante dada, nimesaidika." Hapo ndipo nilipokwama nikiisoma, kwa sababu naamini jibu lote liko hapo.

Watoto wetu wamelelewa kumwamkia mkubwa na kutomkosoa. Ukimwuliza kijana wa miaka 15 kama kikao kimemfaa, atasema ndiyo hata kama saa nzima alikuwa anautazama mlango. Hakudanganyi, ana adabu tu. Malalamiko yake anayatoa kwa miguu: harudi.

Usidhani utamsoma usoni. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wanasihi waliulizwa ni nani kati ya wateja 550 angemaliza tiba akiwa na hali mbaya zaidi. Waliozidiwa walikuwa 40. Wanasihi walitaja watatu tu, na kati ya hao waliyemkisia sawasawa ni mmoja. Nao walikuwa watu wa kazi hii hii yetu.

Ndiyo maana mwisho wa kila kikao natumia karatasi ya kijana kukipima kikao, iliyotungwa na wanasaikolojia wa Marekani, kina Scott Miller na Barry Duncan. Ina mistari minne, kila mmoja sentimita 10: kama kijana ameona anasikilizwa na kuheshimiwa; kama tumezungumza alichotaka yeye; kama namna yetu ya kufanya kazi inamfaa; na kikao kwa jumla. Anatia alama kwa kalamu, unapima kwa rula. Jumla ikiwa chini ya 36 kati ya 40, mnaongea palepale kabla hajaondoka. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wana yao yenye nyuso za kucheka na kununa.

Mstari wa pili ndio ninaokuomba uutazame sana. Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba uhusiano wa tiba si kuaminiana peke yake. Ni kukubaliana pia juu ya lengo na juu ya kazi ya kufanya. Kwa vijana lengo mara nyingi linakuja na mzazi. Kuna mvulana (nimebadilisha mambo yake ili asitambulike) aliyeletwa na mama kwa kushuka darasani. Alikuwa mpole, kila nilichosema aliitikia. Mistari mitatu aliijaza hadi mwisho, ule wa pili akatia alama katikati. Nikamwambia, "Asante kwa alama hii. Ni kitu gani hatujakigusa?" Akachezea kifuniko cha kalamu weee, kisha akasema, "Mama anataka tuongelee shule. Mimi usiku silali, naogopa." Mpaka siku hiyo neno usingizi halikuwa limetajwa kabisa.

Kwa hiyo Zuhura, ile shukrani yako ya kwanza kwa alama ya chini ina uzito kuliko karatasi yenyewe. Akikuona umekunja uso kwa alama ya chini, hatakupa nyingine. Mweleze mapema kwamba huu si mtihani, na kwamba akikuambia kilichokosekana anakusaidia kumhudumia. Asiyejua kusoma msomee, umwachie kalamu. Arobaini kamili ya siku ya kwanza usiifurahie sana. Ngoja ile wiki atakayothubutu kuishusha.

Jambo moja nakusihi: mkubwa wako wa kazi akitaka kuzikusanya alama hizi ili apange nani mnasihi bora, kataa kwa heshima lakini kataa. Siku hiyo mtaanza kuwabembeleza watoto wawape 40, na karatasi itakuwa imekufa.

Nakala nimekuwekea ndani ya bahasha. Anza na yule binti unayesema hajibu zaidi ya "poa". Mpe akija Alhamisi, halafu uniandikie ni mstari upi alioushusha na umemjibu nini.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Neema