Kifua cha Mama Hakina Pepo

Leicester

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Ujumbe wako nimeupata, na ule wa sauti wa shangazi Mwanahawa nimeusikiliza hadi mwisho. Laki tatu mnazotaka za mganga wa kumtoa mama pepo kifuani sitoi. Nimeona niandike kabisa, maana kwenye simu nikianza tu kusema mnaniambia mtandao unakatika.

Kwanza mpe mama habari: mtihani wa mfumo wa upumuaji nimepata 91 kwa 100, na darasa zima hakuna aliyenifikia, wakiwemo hawa watoto wa Kiingereza waliozaliwa nayo lugha yenyewe. Mwalimu alinisimamisha nieleze kwa nini karanga ikimpalia mtu mara nyingi huishia pafu la kulia. Bomba la hewa likishagawanyika, tawi la kulia ni fupi, pana, na limenyooka kwenda chini kuliko la kushoto. Nikamkumbuka yule mtoto wa Bi Tatu na shanga yake.

Sasa kifua cha mama. Ndani ya njia za hewa kuna vinywele visivyoonekana kwa macho, kazi yao kusukuma makohozi juu mpaka kooni, usiku na mchana. Moshi huvilemaza. Makohozi yakikosa wa kuyapandisha, kinachobaki ni kukohoa, ndiyo hiyo kohokoho ya mama ya alfajiri. Tena chembe za moshi wa kuni ni ndogo mno, pua haizizuii zote. Nyingine zinateremka hadi kwenye vifuko vya hewa, kule oksijeni inakovukia kuingia kwenye damu. Vifuko hivyo vinakadiriwa kufika milioni 480 kwa mtu mzima. Ukivitandaza, unapata kama mita za mraba 70, yaani nyumba ya baba pamoja na kibaraza. Humo mote mama ameingiza moshi wa maharage tangu sisi hatujazaliwa.

Shangazi anasema ni pepo kwa kuwa humbana usiku. Pumu ndiyo tabia yake hiyo, hubana usiku na alfajiri! Misuli ya njia za hewa inajikaza, ndani pamevimba, ndiyo maana ule mluzi mnausikia zaidi anapotoa pumzi. Daktari alishawaambia, mkamwona hajui.

Na hapa, kaka, nina donge. Hela ya mtungi wa gesi na jiko nilituma mwaka jana. Kwenye picha za arusi ya Rehema nauona mtungi huo nyuma ya bibi harusi, uko kibandani kwa Shabani. Mama anapuliza kuni, mwanaume mzima anauza chipsi mayai kwa gesi yangu! Halafu mimi ndiye niliyesahau nyumbani.

Dawa ya kuvuta nayo, kwenye ile video mama anaipuliza inaishia ulimini. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe, ikauke. Toboa kitako tundu linalotosha mdomo wa ile pampu, zungushia plasta isivuje. Mama afumbe midomo kwenye mdomo wa chupa, wewe bonyeza mara moja, avute taratibu, abane pumzi kidogo. Usicheke. Madaktari wa Cape Town waliijaribu chupa hiyo kwa watoto wenye pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999: ilifanya kazi sawa na vifaa vya dukani. Ile pampu ya buluu inalegeza misuli tu. Pampu ya kila siku ndiyo inayotuliza uvimbe, asiiache akiona nafuu, na akishavuta asukutue mdomo.

Mimi sijambo. Baridi ipo, zamu za usiku zipo, tuyaache. Ila juzi jirani alichoma majani bustanini, nikasimama dirishani nikiunusa huohuo moshi ninaoutukana, nikatamani niko jikoni kwa mama nakuna nazi.

Hela inakuja Ijumaa, kwa jina la Rehema, usinune. Ni ya kujaza gesi na ya dawa ya kila siku, basi. Mtungi Shabani aurudishe kabla ya hapo. Akileta maneno, nitumie namba ya mkewe.

Mdogo wako,
Zuhura